Sentensi ya Kumi

Kazi ni ya Jumatatu, saa mbili kamili.
Kalamu ya buluu. Jina na promosheni juu, kushoto.
Asistenti Cirimwami hapokei karatasi iliyokunjwa,
wala hapokei kisa cha mvua,
ijapokuwa Bukavu nzima, kuanzia Septemba,
ni kisa cha mvua.

Silabasi tuliitolea fotokopi kwa Zihindula,
kibanda cha bluu chini ya ngazi za Kadutu,
franka mia ukurasa.
Ukurasa wa thelathini na moja ulitoka nusu mweusi,
basi promosheni yetu nzima
inajua Kiingereza cha nusu ya juu.

Tuko wanne kwenye kikundi.
Nabintu ana akili.
Ashuza ana kompyuta isiyo na betri.
Murhula ameleta karanga na jina lake,
na jina lake ndilo la kwanza
kwa kuwa ndiye aliyelipa fotokopi.

Umeme umekatika tangu Ijumaa.
Tunasoma kwa tochi ya simu, asilimia kumi na nne.

Zoezi lenyewe ni hili:
kuna bwana amekwenda Paris, na kiti chake mezani ni kitupu;
kuna bibi amekwenda Paris, na sasa yupo hapa,
anawachosha wageni kwa habari za mnara.
Kwetu wote wawili *wameenda*, tumemaliza,
atakayetaka kujua zaidi na achungulie kiti.
Kiingereza hakikubali.
Kina neno la aliyekwenda akabaki huko
na neno la aliyekwenda akarudi,
nawe ujaze nafasi kwa moja tu,
alama mbili kila nafasi.

Tisa za kwanza tulizijaza tukitafuna.
Ya kumi: *Tunga yako, juu ya mtu wa nyumbani.*

Nikaandika: Baba,
nikaacha nafasi,
nikaandika: Kamituga.

Mvua ya tatu hii.
Alituma pesa mara mbili, mara moja gunia la makala,
mara moja binamu mwenye habari kwamba shimo ni zuri.
Kisha yule mwanamke wa ndani ya simu,
asiyechoka, asiyekohoa,
anayesema kwanza kwa Kifaransa halafu kwa Kiswahili
kwamba nambari haipatikani.

"Weka amerudi," Murhula akasema, "alama ni zilezile."
Nabintu akaacha karanga.

Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo,
anatoa mawe kwa vidole, haangalii.
"Unaandika nini?"
"Baba."
"Baba gani?"
"Wa sentensi ya kumi."
Nikamweleza yale maneno mawili, kama nilivyoweza,
nikitumia kikombe na sahani:
huyu kaenda kabaki, huyu kaenda karudi.
Akasikiliza. Jiwe moja likalia sakafuni.
"Na la tatu?"
Nikafungua silabasi, nikaipeleka karibu na mwanga.
Labda lilikuwa kule chini,
kwenye weusi wa Zihindula.

Nikaweka vitone. Nilivihesabu baadaye: vinane.
Ashuza akanakili vizuri kwa mkono wake wa kikasisi,
vitone na vyote.

Alhamisi karatasi zikarudi.
Kumi na tisa juu ya ishirini; Murhula alipiga kelele
hadi kwenye mlango wa maktaba.
Kwenye sentensi ya kumi, kalamu nyekundu,
neno moja, limepigwa mstari.

Nililiacha kwenye meza nyumbani, wazi.
Mama hasomi Kiingereza, lakini nyekundu anaisoma.
"Amesema nini mwalimu wako?"
"Amesema haijakamilika."
Akakaa kidogo na neno hilo mdomoni,
kama anayeonja chumvi.
"Haijakamilika," akasema. "Hajarudi.
Huyo mwalimu anajua."

Kisha akaniuliza kama mvua imekatika,
kwa sababu makala yalikuwa nje.